Waraka kwa Waefeso katika Ukambani

Waraka kwa Waefeso ni kitabu cha kumi cha Agano Jipya, chenye sura 6. Katika kaunti za Kitui na Makueni za Ukambani, nchi ya Wakamba mashariki mwa Kenya, umetumika tangu enzi za misheni kufundishia maisha mapya ya Mkristo. Sehemu inayojulikana zaidi huko ni sura ya 4 hadi ya 6, inayomtaka muumini avue utu wa kale na kuvaa utu mpya.

Maudhui

Kwa mapokeo, waraka ni wa mtume Paulo, aliyeuandika akiwa kifungoni. Wataalamu wengi wa leo huuweka mikononi mwa mwanafunzi wake, mwishoni mwa karne ya 1. Nakala kadhaa za kale kabisa hazina jina la Efeso katika salamu, hivyo huenda ulikuwa waraka wa kupitishwa kanisa hadi kanisa. Sura 3 za kwanza zinahusu neema. Sura 3 za mwisho zinahusu mwenendo: uongo, hasira, wizi, ulevi, ndoa, watoto, watumwa na vita dhidi ya nguvu za giza.

Kufika Ukambani

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Kitui mwaka 1849 na kukaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara. Alirudi mwaka 1851. Safari hiyo Kivoi aliuawa njiani na Krapf akaponea chupuchupu. Tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapwa Ujerumani mwaka 1850, lakini hakuacha kanisa nyuma yake.

Walutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Ikutha, kusini mwa Kitui, mwaka 1891, kisha Mulango karibu na mji wa Kitui. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaondoa, na Mulango ikaangukia mikononi mwa Africa Inland Mission (AIM).

Misheni hiyo ilikuwa imeanzia Makueni. Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow, aliongoza kundi dogo hadi Nzaui mwezi Desemba 1895. Homa haikumpa muda: alifariki Desemba 1896, na wenzake wengi wakafa au wakarudi kwao. Mwaka 1903 makao makuu yalihamia Kijabe, karibu na reli, lakini kazi Ukambani haikukoma. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956. Shule ya Biblia ya Ukamba ilianza Machakos mwaka 1928, na baadaye ikachukua jina la Scott. Wachungaji wengi wa Africa Inland Church (AIC), kanisa lililotokana na misheni hiyo, walipitia hapo.

Utu wa kale na utu mpya

Wamisionari wa AIM walisoma sura za mwenendo kwa ukali. Aliyetaka ubatizo alitakiwa kuacha pombe, tumbaku na ngoma, na mwenye wake wengi alizuiwa. Katazo la pombe lilikuwa zito kuliko linavyoonekana leo. Pombe ya asali au miwa, iliyochachushwa kwa tunda la muatine, haikuwa kinywaji cha starehe tu. Ilipelekwa kwa wazazi wa binti wakati wa posa, ilinywewa na wazee barazani, na ilimwagwa chini kwa ajili ya aimu, roho za waliotangulia. Aliyekataa kuinywa alijitenga na ukoo, si na ulevi peke yake. Kilumi, ngoma ya kupandisha pepo, nayo ilihesabiwa kuwa ya giza.

Matokeo yake ni kwamba kuokoka kulipimwa hasa kwa mambo yaliyoachwa. Neema ya sura 3 za kwanza ilibaki nyuma, ingawa ndiyo iliyotangulizwa na mwandishi wa waraka. Ukali huo, pamoja na elimu finyu iliyotolewa na misheni, ulichangia Wakamba kuanzisha kanisa lao, African Brotherhood Church, mwaka 1945.

Sura ya 6 haikuhitaji maelezo mengi. Watu waliouogopa uoi, yaani uchawi, na kithitu, kiapo kinachoaminika kuua jamaa wa mwapaji mwongo, walielewa upesi habari za silaha za kiroho. Wasomaji wa kwanza wa Asia Ndogo nao waliishi karibu na uganga: Matendo ya Mitume inasimulia vitabu vya uchawi vilivyochomwa moto Efeso.

Agizo la sura ya 4 kwamba mwizi afanye kazi kwa mikono yake ili amsaidie mhitaji linaendana na mwethya, kazi ya ushirika ya Wakamba.

John Mbiti

Mwanatheolojia mkubwa kabisa aliyetoka eneo hili ni John Samuel Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931 na kulelewa katika kanisa la AIM. Tasnifu yake ya udaktari ya Cambridge (1963), iliyochapishwa mwaka 1971, ilichunguza jinsi Wakamba walivyopokea mafundisho ya Agano Jipya kuhusu mambo ya mwisho, na iliikosoa misheni bila kuivunjia heshima. Alifundisha Makerere na kuishi miaka mingi Uswisi. Tafsiri yake ya Agano Jipya, kutoka Kigiriki moja kwa moja hadi Kikamba, ilitolewa mwaka 2014. Alifariki mwaka 2019.

Katika Kanisa Katoliki

Kitui ilifanywa jimbo mwaka 1964. Waraka husomwa kwenye Misa za Jumapili ya 15 hadi ya 21 za Mwaka B.

Hali ya sasa

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni, wengi wao Wakristo. Waraka husomwa kwa Kikamba vijijini, na kwa Kiswahili au Kiingereza mijini. Sura ya 5 husikika sana harusini. Licha ya katazo la wamisionari, kaluvu, pombe ya kienyeji, bado inanywewa katika kaunti zote mbili.