Shamba la Zabibu la Hombolo: Kabla Hujang'oa, Sikiliza Historia Yake

Ndugu wakulima na wafanyabiashara, leo tuache kidogo mbolea na dawa. Kijana mmoja wa Hombolo, hapa Dodoma, aliniuliza kama ang'oe mizabibu ya marehemu babu yake akate viwanja. Kabla ya kumjibu nilikwenda kumwamkia bibi yake, nikamwomba anisimulie shamba lilivyoanza.

Zabibu halikuwa zao la Wagogo. Wazee walijua uwele, mtama na ng'ombe. Wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walipanda mizabibu miaka ya 1950 ili wapate divai ya misa. Ikaonekana kuwa mzabibu unaupenda ukame wetu na jua letu, na kwamba ukipogolewa vizuri unazaa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya haliwezekani kwa sababu ya baridi. Baadaye kikaja kituo cha utafiti cha Makutupora, na zabibu nyekundu iliyoenea kwa wakulima ikachukua jina la hapo.

Babu alipata pingili kwa jirani miaka ya 1980, akapanda ekari moja. Kiwanda kilikuwa kinanunua. Bibi anasema zabibu ndizo zilizoezeka nyumba kwa bati na kusomesha watoto watatu.

Kisha msimu mmoja zabibu ziliiva na gari la kiwanda halikuja. Mtama unaweza kuuweka ghalani ukasubiri bei, lakini zabibu mbichi zina siku chache tu. "Bwana shamba, shamba zima lilinuka pombe," bibi aliniambia. Babu kwa hasira aling'oa nusu, akapanda mtama. Nusu ya pili bibi alimzuia. Wakaendelea kuipogoa, wakauza ndoo mbili tatu mnadani.

Miaka ya 2000 wanunuzi walirudi, na kampuni ya CETAWICO ikaweka kiwanda hapohapo Hombolo. Nusu iliyobaki iliuza mara moja. Nusu iliyong'olewa ilidai pingili mpya, nguzo mpya, waya mpya, na kusubiri miaka miwili hadi mitatu kabla ya mavuno ya maana.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana lilikuwa hili: tatizo la babu yako lilikuwa kumtegemea mnunuzi mmoja. Mizabibu yenyewe haikuwa na kosa.

Mwenye shamba kama hilo afanye haya:

1. Azungumze na mnunuzi kabla ya kupogoa. Siku unayopogoa ndiyo inayopanga siku ya kuvuna, kama miezi minne mbele.
2. Asipogoe shamba zima siku moja. Akigawa mistari, zabibu haziivi zote kwa pamoja.
3. Awe na njia ya pili: kuuza za kula sokoni, kukausha, au kuungana na wenzake kukamua mchuzi wa zabibu, ambao hukaa muda mrefu ukihifadhiwa vizuri.
4. Aandike kwenye daftari kila msimu: kilo, bei, mnunuzi, na kama alilipwa kwa wakati. Bibi anakumbuka kila kitu kichwani, lakini mjukuu hana pa kusoma.

Kijana hajaamua bado. Kiwanja kinauzwa mara moja tu, na hilo analijua. Jumamosi tumekubaliana tupogoe mistari sita, bibi akiwepo.