Kiwanda Kilicholazwa Chini

Mtu asomaye historia ya vyama vya wafanyakazi vya Ulaya huona kwamba vingi vilizaliwa penye moshi na msongamano: katika viwanda vya nguo vya Manchester, katika machimbo ya makaa ya Wales, katika mitambo ya chuma ya Essen. Huko wenye shida moja walikaa pamoja tangu alfajiri hata usiku, wakaitika kengele moja, wakakatwa ujira na bwana mmoja. Akigeuka kutazama nyanda za kati za nchi yetu, Ugogo wenye mibuyu, vumbi na mvua haba, aweza kudhani kwamba habari hizo hazikufika huku, maana viwanda havikuwako. Dhana hiyo haina msingi. Dodoma ilikuwa na kiwanda, ila kilikuwa kimelazwa chini, urefu wake kilomita zipatazo 1,250, toka Dar es Salaam hata Kigoma.

Reli ya kati ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, vita vikiwa mlangoni. Mji wa Dodoma tuujuao ni mtoto wa stesheni. Na kando ya njia hiyo yalitokea mambo ambayo hayakuwako kabla: makarani wa tikiti, madereva wa magari ya moshi na watia moto wao, wageuza njia, na magenge ya kutunza mataruma yaliyokaa nyikani chini ya nyapara. Watu hao walitengana kwa maili nyingi, lakini saa yao ilikuwa moja na mwajiri wao mmoja. Tena habari zao zilisafiri kwa chombo kile kile walichokitumikia. Neno lililosemwa bandarini leo, kesho lilishuka Dodoma pamoja na mizigo.

Yafaa hapa tuseme juu ya sheria, maana ndiyo inayoonyesha vema tofauti ya Ulaya na kwetu. Katika Uingereza, vyama vya wafanyakazi vilipigwa marufuku mwaka 1799, marufuku ikafutwa mwaka 1824. Hata baada ya hapo, mtumishi aliyevunja mkataba aliweza kufungwa gerezani, hali bwana aliyeuvunja alidaiwa fedha tu. Waingereza waliona aibu ya jambo hilo, wakaliondoa mwaka 1875. Lakini mwaka 1923, miaka 48 baadaye, serikali yao katika Tanganyika ilitunga sheria ya mabwana na watumishi wenyeji, na ndani yake kosa la mtumishi dhidi ya mkataba wake likawa tena kosa la jinai. Nguo iliyovuliwa London ilivishwa Dodoma. Mwandishi huyu haoni ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba watawala hawakuwa wajinga wa haki za mfanyakazi. Walizijua, wakachagua ni nani wa kupewa.

Kisha palikuwa na hesabu ya ujira. Mfanyakazi wa Ulaya alikuwa amenyang'anywa ardhi, hana pa kurudi. Wetu alikuwa na shamba, na katika Ugogo alikuwa na ng'ombe pia, akijaliwa. Waajiri wakalifanya hilo kuwa hoja: wakalipa ujira wa kapera, wakisema mke na watoto watalishwa na jembe. Hivyo mtama wa mwanamke wa kijijini ulisaidia kuendesha gari la moshi, wala haukuandikwa katika daftari lolote la reli. Na mvua zisiponyesha, jambo la kawaida katika nyanda hizi, hesabu ile iligeuka: mshahara wa kapera ndio uliotakiwa kulisha ukoo mzima.

Ajabu ni kwamba ruhusa ya kuunda vyama ilitoka kwa mtu aliyeijua habari hiyo kuliko wengi. Sidney Webb, ambaye pamoja na mkewe Beatrice aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, alikuwa Waziri wa Makoloni kwa jina la Lord Passfield. Mwaka 1930 aliwaandikia magavana waruhusu vyama, lakini viandikishwe na kuongozwa, visije vikaingia mikononi mwa wachochezi. Tanganyika ikapata sheria yake mwaka 1932. Kwa miaka mingi ilibaki karatasi tu.

Iliyoipa uhai ni njaa ya mshahara baada ya Vita Kuu ya Pili. Mnamo Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kwa sababu bei zilipanda na ujira haukupanda. Watu wa reli wakawafuata, na mgomo ukapanda bara kwa njia ya reli yenyewe, stesheni kwa stesheni, ukafika Dodoma na kupita. Hata Kongwa, ambako serikali ya Uingereza ilikuwa imeanza mradi wake mkubwa wa karanga, wafanyakazi waliacha kazi mwaka huo. Mradi ule ulikufa mwaka 1951, umekula pauni zipatazo milioni 36. Mgomo, kinyume chake, ulizaa: baraza la usuluhishi liliongeza ujira wa makuli, na chama chao kikaundwa. Kilivunjwa mwaka 1950 baada ya mgomo mwingine ulioingia ghasia.

Shirikisho la vyama vyote, TFL, lilianzishwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu wake mkuu. Mnamo Februari 1960 chama cha reli, kikiongozwa na katibu wake Christopher Kasanga Tumbo, kiliwatoa watu kazini dhidi ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki. Mgomo ulidumu siku 82. Siku 82 bila mshahara si maneno ya mkutano. Ni kodi ya nyumba, ni ada, ni deni dukani. Asiyejua mtu aliyelala njaa kwa hiari yake, asihukumu upesi.

Baadaye lilikuja jambo lililo gumu kulisema. Mnamo Januari 1962 Kawawa aliingia katika uwaziri mkuu, na waziri wa kazi alikuwa Michael Kamaliza, aliyekuwa rais wa TFL. Katika mwaka huo zilipitishwa sheria zilizoufanya mgomo halali uwe karibu na muhali. Tumbo, wakati huo balozi mjini London, alijiuzulu mwaka huo huo. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, viongozi wa vyama wapatao 200 walikamatwa, TFL ikavunjwa, na mahali pake pakawekwa NUTA, chama kimoja ambacho katibu wake mkuu aliteuliwa na Rais.

Hoja ya serikali haikuwa ya bure. Mwaka 1961 Ugogo ulikuwa katika njaa, na watu walikula mahindi ya msaada. Je, ilikuwa haki watu wachache wenye mishahara wadai zaidi, hali wakulima walio wengi hawana kitu? Swali hilo lina uzito. Lakini lilisahau hesabu ile ya zamani. Mpanga mataruma wa Dodoma na mkulima mwenye njaa hawakuwa matabaka mawili. Mara nyingi walikuwa ndugu wa chungu kimoja, na fedha iliyonunua debe la mahindi kijijini ilitoka kwa yule aliyeambiwa asigome. Katika Uingereza palihitajika zaidi ya miaka 75 kutoka sheria ya 1799 hata kufutwa kwa gereza la mtumishi. Hapa njia ya kwenda na ya kurudi ilisafiriwa katika miaka 17, tangu mgomo wa 1947 hata kuundwa kwa NUTA.

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 imerudisha haki ya kugoma, kwa masharti na taarifa. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na mtia moto hayumo. Wanaolipa treni hiyo nguvu ni watumishi wa umeme, ambao sheria ile ile inawahesabu miongoni mwa wale ambao kwa kawaida hawaruhusiwi kugoma.