Jini Anayelipa Kodi: Shujaa wa Kike katika Fantasia ya Mjini, 1987 hadi 2014

Mwanamke mwenye uwezo wa kimiujiza si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Msomaji wa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952) anamkumbuka Huria, binti wa kijini, aliyewageuza ndugu wawili wa Adili kuwa manyani kwa ajili ya usaliti wao na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Naye aliyelelewa mitaa ya Mombasa au Malindi hakosi kuwa amewahi kusimuliwa habari za mwanamke mrembo anayekutwa barabarani usiku, manukato yakimtangulia, na mwanamume anayemfuata akagundua akiwa amechelewa kwamba chini ya buibui mna kwato. Watazame wawili hawa kwa makini, mwalimu mwenzangu. Huria tunamjua kwa kiasi kikubwa kupitia kinywa cha Adili. Mwenye kwato tunamjua kupitia kinywa cha mwanamume aliyenusurika. Anakotoka, anakolala, anachokula na anachokihofia hatuambiwi, maana hapewi nafasi ya kusema.

Riwaya zetu za kihalisia, kwa upande mwingine, zimempeleka mwanamke mjini mara nyingi, na mara nyingi mji umemla. Rosa wa Kezilahabi (Rosa Mistika, 1971) anaangamia baada ya kuponyoka mkono mkali wa babake. Maimuna wa Said Ahmed Mohamed (Utengano, 1980) anatoroka kuta za nyumba ya Maksuudi na kuangukia mikononi mwa Mama Jeni. Hizi ni kazi kubwa, na sizitaji ili kuzikosoa. Nataka tu msomaji azingatie kwamba tumezoea wanawake wa aina mbili: wa ajabu asiye na anwani, na wa kawaida ambaye anwani yake ya mjini ndiyo maangamizi yake. Makala haya yanachunguza utanzu uliowakutanisha wawili hao katika mwili mmoja. Utanzu huo ulizaliwa mbali nasi, Amerika ya Kaskazini, lakini umekwisha kufika Afrika, na ulipofika ulibadilika.

Kwa fantasia ya mjini tunakusudia bunilizi ambamo viumbe na nguvu za ajabu hazikai katika nchi ya kufikirika wala zamani za kale, ila katika jiji linalojulikana, lenye majina ya mitaa, polisi, mabasi na kodi ya nyumba. Kazi inayotajwa mara kwa mara kuwa miongoni mwa za mwanzo ni War for the Oaks ya Emma Bull, iliyotoka Marekani mwaka 1987. Mandhari yake ni jiji la Minneapolis. Eddi McCandry ni mpiga gitaa na mwimbaji aliyeachana na bendi yake na mpenzi wake kwa mpigo mmoja. Usiku huohuo anachaguliwa, bila ridhaa yake, na mojawapo ya makabila mawili ya viumbe wa ngano za Uingereza na Ireland wanaopigania jiji hilo. Mantiki ya uteuzi wake ni ya kutisha kidogo. Viumbe hao hawafi, na vita vyao havina maana mpaka binadamu awepo uwanjani, kwa kuwa uwepo wake ndio unaofanya mauti yawezekane. Eddi basi hapewi upanga. Kinachohitajika kwake ni kule kufa kwake mwenyewe.

Miaka minne baadaye, Tanya Huff aliandika Blood Price (1991), mandhari yakiwa Toronto, Kanada. Vicki Nelson alikuwa mpelelezi wa polisi. Ameacha kazi kwa sababu ya ugonjwa wa macho unaomnyima uoni wa usiku na kumfinyia upeo wa kuona pembeni, na sasa ni mpelelezi wa kujitegemea. Mwenzake katika uchunguzi ni Henry Fitzroy, mwana wa nje ya ndoa wa Mfalme Henry wa Nane, ambaye ni mnyonyadamu na hujipatia riziki kwa kuandika riwaya za mapenzi. (Msomaji asimchanganye na mumiani wa masimulizi yetu ya enzi ya ukoloni; huyu ni mfu aishiye.) Hapa mwenye nguvu za ajabu ni mwanamume, na shujaa ni mwanamke asiyeona gizani katika riwaya ambayo hatari zake nyingi huja usiku. Sijui kama kuna kinaya kilicho wazi zaidi ya hicho cha kumfundishia mwanafunzi maana ya kinaya cha hali.

Mageuzi makubwa ya usimulizi, kwa maoni yangu, yalikuja mwaka 1993 na Guilty Pleasures ya Laurell K. Hamilton. Eddi na Vicki walisimuliwa katika nafsi ya tatu. Anita Blake anajisimulia. Tena anachosimulia kwanza ni kazi. Katika St. Louis ya riwaya hii, wanyonyadamu wanatambuliwa na sheria za Marekani kama raia wengine, na Anita ameajiriwa na kampuni inayofufua wafu kwa malipo, kwa mfano pale warithi wanapogombania wosia na marehemu anahitajika atoe ushahidi. Kipaji chenyewe amezaliwa nacho, na nyanyake upande wa mama alikuwa mganga. Angalia jinsi sauti hiyo inavyobadilisha kila kitu. Mwanamke anayezungumza na wafu, ambaye katika ngano angekaa pangoni akisubiri kuuawa na shujaa, hapa ana bosi anayemkera, wateja wasiotabirika na majeraha yanayochelewa kupona. Ukali wa ulimi wake umerithiwa kutoka kwa riwaya za kipelelezi za Kimarekani, ambamo mpelelezi wa kiume alikuwa ametamba tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Runinga iliuongezea utanzu huu wasomaji kupitia Buffy the Vampire Slayer (1997 hadi 2003). Mwaka 2001 alikuja Sookie wa Charlaine Harris, mhudumu wa baa anayesikia mawazo ya watu asitake, na Elena wa Kelley Armstrong, mwanamke pekee miongoni mwa wanaume wanaogeuka mbwamwitu. Mwaka 2006 Patricia Briggs alimleta Mercy, fundi wa magari ya Volkswagen katika jimbo la Washington, ambaye huweza kujigeuza kayote. Wengi wao wanajisimulia wenyewe, na wengi wana mikono michafu ya kazi. Lakini utanzu ukipendwa mno huanza kujiiga. Majalada yalifanana: mwanamke wa Kizungu aliyetupa mgongo, suruali ya ngozi, chale begani, mwezi nyuma yake. Mwaka 2012 mwandishi Jim C. Hines alijipiga picha akijaribu mikao ya wanawake hao wa majalada, na ikaonekana wazi kwamba mgongo wa binadamu haukuumbwa kupinda hivyo. Ndani ya vitabu nako nguvu zilizidi kuongezwa kila juzuu. Anita wa vitabu vya baadaye ana uwezo mwingi kiasi kwamba hatumwogopei tena, na sehemu kubwa ya matukio ni ya chumbani. Mwalimu asiyapeleke darasani.

Sasa tuje Johannesburg. Mwaka 2010 Lauren Beukes, mzaliwa wa jiji hilo, alichapisha Zoo City, na mwaka uliofuata riwaya hiyo ikatunukiwa Tuzo ya Arthur C. Clarke nchini Uingereza. Zinzi December aliwahi kuwa mwandishi wa habari, akawa mraibu wa dawa za kulevya, akafungwa. Katika ulimwengu wa riwaya hii, mtu mwenye hatia ya damu hujikuta ameambatana na mnyama asiyeweza kutengana naye. Wa Zinzi ni slothi, yule mnyama mzito wa misitu ya Amerika ya Kusini anayeishi akining'inia mitini, ambaye sasa ananing'inia mgongoni pake mitaani Hillbrow. Anamkumbusha, na kumwonyesha kila mpita njia, kwamba ndugu yake wa kiume alikufa kwa sababu yake. Methali ya kikulacho haifai hapa, kwani slothi hamli. Mnyama akifa ndipo giza lisiloelezeka humjia mwenye mnyama na kumchukua. Kwa hiyo Zinzi anaibembeleza aibu yake, anailisha na kuilinda.

Pamoja na mnyama huja kipaji. Zinzi huona nyuzi zinazowaunganisha watu na vitu walivyopoteza, na huzifuata, hata ndani ya mifereji ya chini ya jiji kutafuta pete ya mteja. Kipaji hicho hakimtoshelezi. Ana deni la enzi za uraibu, na analilipa kwa kutunga barua pepe za utapeli, zile za mjane au mkimbizi mwenye mamilioni anayetafuta mtu mwema ughaibuni. Huu ndio ukiukaji wa kaida ninaouona mzito kuliko risasi zote za Anita: msimulizi wetu ni msanii wa uongo, anatuambia hivyo, na barua zenyewe zimepachikwa ndani ya riwaya pamoja na mahojiano na maandishi mengine ya kubuni. Mtahiniwa anayetafuta mfano wa msimulizi tunayempenda tusimwamini, ameupata.

Mandhari nayo inasema. Hillbrow ilikuwa mtaa wa Wazungu chini ya ubaguzi wa rangi, kisha ikawa makao ya wahamiaji kutoka Nigeria, Zimbabwe, Kongo na kwingineko. Mpenzi wa Zinzi, Benoît, ni mkimbizi kutoka Kongo mwenye nguchiro, na mke na watoto aliodhani wamekufa wanagunduliwa wako hai katika kambi ya wakimbizi. Mei 2008, miaka miwili kabla ya riwaya kutoka, mashambulizi dhidi ya wageni yaliyoanzia Alexandra, Johannesburg, yaliua zaidi ya watu 60. Wenye wanyama katika riwaya wanasukumwa mtaa mmoja na kunyimwa kazi, na kila mtu anawatambua kwa macho. Msomaji haitaji kuambiwa hao ni nani.

Lipo swali ambalo mhakiki hana haki ya kulikwepa. Beukes ni Mzungu, naye amesema "mimi" kwa kinywa cha mwanamke Mwafrika mwenye rekodi ya jela. Wapo watakaoona hapo unyang'anyi wa sauti. Mimi naona hatari hiyo ipo, na kwamba riwaya inaipunguza kwa kutomwombea Zinzi huruma. Ana akili kuliko karibu kila mtu anayekutana naye, na anapokosea hakosei kwa ujinga. Hata hivyo, mwalimu awaachie wanafunzi wabishane.

Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, aliupeleka utanzu huu pwani ya Lagos katika Lagoon (2014), ingawa huko umechanganyika na bunilizi ya kisayansi. Adaora ni mtaalamu wa viumbe wa baharini. Kabla hata mgeni kutoka nje ya dunia hajaibuka majini kwa umbo la mwanamke, mumewe Chris, akichochewa na kiongozi wake wa dini, amekwisha kumshuku mkewe kuwa mchawi wa baharini. Elimu yake ya bahari ndiyo ushahidi wa uchawi wake.

Tusiisome tuhuma hiyo kama jambo la Lagos peke yake. Mei hiyohiyo ya 2008, wazee 11, wengi wao wanawake, waliteketezwa moto Kisii kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mtahiniwa anapokutana na mwanamke wa ajabu katika hadithi, majibu yake huwa mawili: "ni ishara ya uovu", au "ni jasiri". Jibu la kwanza lina jamaa zake nje ya darasa, na tumekwisha kuona wanachokifanya. La pili halisemi chochote. Mwulize badala yake: nani anasimulia, na mwanamke huyu anadaiwa nini na nani? Kisha mpe karatasi na umtake aandike insha ya mwanamke mwenye kwato katika nafsi ya kwanza. Aanze pale anaporudi chumbani kwake Majengo alfajiri, buibui mkononi, na mwenye nyumba amesimama mlangoni akisubiri kodi ya miezi miwili.