Kibaski na Kiberberi
Nadharia kwamba Wabaski wa Hispania na Ufaransa ni ndugu wa Waberberi wa Afrika Kaskazini ilitetewa na mwanaisimu Georg von der Gabelentz katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1894, kisha na mwanaisimu mwenzake Hugo Schuchardt. Mfano unaovutia wa kufanana kwa lugha zao ni neno la “jina”: Kibaski husema izen, Kiberberi isem. Lakini isem hukaribia zaidi ism ya Kiarabu, iliyotupatia Waswahili neno isimu, na hakuna anayetuita Wabaski! Watetezi hujibu kwamba mifano ni mingi. Wingi peke yake hautoshi. Undugu wa lugha huthibitishwa na sauti zinazolingana kwa utaratibu, kama ilivyo baina ya lugha za Kibantu, na hapa utaratibu huo haujaonekana. Hata ungeonekana, ungehusu lugha, si damu, maana jamii huweza kuacha lugha yake na kushika nyingine. Kibaski bado huhesabiwa lugha isiyo na jamaa.