Kaya ya Katikati: Historia Fupi ya Kupima Pato la Mwananchi

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wanachama wanauliza swali la haki: je, hali ya mkulima imeinuka? Swali hili halijibiwi kwa hotuba. Hujibiwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe ina historia ambayo yafaa kila mwanachama aijue.

Wengi wetu twaijua Kariakoo kwa sababu ndiko yanakoshuka matenga na magunia yetu. Jina lake latokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye mtaa ukajaa nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Mtu akitaka kupima pato la mtaa huo, kwanza huulizwa: kaya ni nini? Nyumba moja ya vyumba sita yaweza kuwa na wapangaji sita, kila mmoja na chungu chake. Kwa hiyo wapimaji hawahesabu paa, bali huhesabu watu wanaoishi na kula pamoja.

Mwaka 1950 Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki ilichunguza mapato na matumizi ya vibarua Waafrika wa Dar es Salaam. Mwaka 1957 kima cha chini cha mshahara kikawekwa mjini humo, na kuanzia Januari 1963 kikapandishwa kuwa shilingi 150 kwa mwezi. Lakini hesabu za vibarua hazikumhusu mkulima asiyelipwa mshahara. Tanzania Bara ilipata tafiti zilizogusa mjini na vijijini pia mwaka 1969 na 1976/77, kisha 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Asiyeangalia tofauti hiyo, akalinganisha kibarua wa 1950 na kaya za 2018, amelinganisha muhogo na nazi.

Katika tafiti za karibuni, kaya zilizochaguliwa ziliandika kila siku kilichonunuliwa na kilicholiwa. Chakula cha shambani nacho kilithaminiwa kwa fedha, maana debe la mahindi lililoliwa nyumbani ni pato, ijapokuwa halikupita sokoni. Kazi ilienezwa mwaka mzima, kwa kuwa mwezi wa mavuno haufanani na mwezi wa njaa.

Sasa tufike kwenye kiini. Tuseme kaya tisa zapata kwa mwezi shilingi 60,000, 70,000, 80,000, 90,000, 100,000, 120,000, 150,000, 200,000 na 1,200,000. Jumla ni 2,070,000, na wastani ni 230,000. Lakini kaya nane kati ya tisa hazifikii wastani huo! Zikipangwa mstari kuanzia ya chini, ya tano, iliyo katikati, ina 100,000. Tajiri wa mwisho akiongeza pato lake hadi 2,100,000, wastani wapanda hadi 330,000. Kaya ya katikati haikupata hata senti. Ndiyo maana mtu atakaye kujua hali ya walio wengi huitazama kaya ya katikati.

Jambo la pili ni bei. Ikiwa kaya hiyo ilipata 100,000 miaka kumi iliyopita na leo inapata 150,000, tusishangilie upesi. Kapu la mahitaji lililouzwa 80,000 likiwa leo ni 120,000, kaya haikusogea hata hatua moja.

Hesabu za taifa zatuonya vivyo hivyo. Umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa asilimia 28.2 mwaka 2011/12, na 26.4 mwaka 2017/18. Vijijini ulikuwa 33.3, ukawa 31.3. Maendeleo yapo, lakini ni ya polepole, na mkulima yuko nyuma ya wastani wa taifa.

Jambo hili latuhusu sisi hasa. Mkutano Mkuu ukipanga makato, hisa au mkopo wa pembejeo kwa kufuata wastani, mzigo watwikwa mwanachama asiyeuweza, na mwisho wake huuza mazao kwa walanguzi ili akwepe makato. Vitabu vya vyama vya msingi tayari vina uzito wa mazao na malipo ya kila mwanachama. Havitoi pato lote la kaya, lakini vyatosha kwa mwanzo. Basi kila katibu ayapange malipo hayo kwa mstari kila mwaka, aandike lile la katikati, na pembeni yake bei ya unga, sukari, sabuni na mafuta ya taa ya mwezi uleule. Kazi hiyo ni ya siku mbili tu. Tukiianza msimu huu, wajumbe wa sherehe ya miaka ishirini watajua kwa hakika kama Ushirika umemwinua mwanachama wa kawaida, au umewainua wachache tu.