Kama Yameandikwa, Tunaomba Nini?

Mama mmoja wa Birongo anamwombea mwanawe aache chang'aa. Jirani anamuuliza: kama Mungu alishapanga yote, maombi ni ya kazi gani? Swali hilo si geni Gusii.

Kabla Wazungu hawajafika, nabii Sakagwa alitabiri kuja kwao, na kwamba pale Getembe, ambapo leo ni mji wa Kisii, pangekuwa makao yao. Wakaja kweli. Lakini utabiri haukuwafunga watu mikono. Mwaka 1908 Otenyo alimchoma mkuki ofisa Northcote. Septemba 1914, Wajerumani na Waingereza walipopigania Kisii, watu wakaona zama za Wazungu zimekwisha, wakapora mji pamoja na misheni za Nyabururu na Nyanchwa. Kumbe kuamini kwamba mambo yamepangwa huweza kumtuliza mtu, na pia kumwinua.

Ukristo nao ulikuja na mabishano yake. Waskoti waliojenga misheni Thogoto mwaka 1898 walitoka katika kanisa lililokubali Ungamo la Westminster mwaka 1647, linalofundisha kwamba Mungu amewateua wake tangu milele. Waadventista, walio wengi huku kwetu, husisitiza uhuru wa mtu kuchagua. Na bado wote hupiga magoti.

Kwa nini? Jibu la zamani lilitoka kwa Mwafrika mwenzetu, Augustino, aliyezaliwa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354. Hoja yake ni nyepesi: Kanisa huwaombea wasioamini ili waamini. Kama imani ni kazi ya mtu peke yake, basi tunamwomba Mungu kitu kisicho mikononi mwake. Maombi yenyewe yanakiri kwamba moyo wa mtu uko katika uwezo wa Mungu.

Hata Paulo, katika Warumi sura ya 9, anazungumzia uteule. Sura ya 10 inapoanza, anawaombea ndugu zake. Mwisho wa sura ya 11 anamsifu Mungu. Hakuona mgongano. Kwake, Mungu aliyepanga mwisho amepanga na njia, na maombi ni sehemu ya njia hiyo.

Basi yule mama na aendelee. Angejua kwamba moyo wa mwanawe hauguswi na yeyote, hapo ndipo angekuwa na sababu ya kunyamaza.