Kamba ya Nyuzi Tatu na Ugonjwa wa Mabaharia



Januari 1499 Vasco da Gama alitia nanga Malindi akitoka India. Kuvuka bahari kulikuwa kumemchukua takriban miezi mitatu, na mabaharia 30 walikuwa wamekwisha kufa njiani. Fizi za wengi zilivimba hata zikafunika meno. Mara moja alitumwa mtu pwani kuleta machungwa, kwa maana wagonjwa waliyatamani mno; lakini wengi walikwisha kudhoofika, wakafa papo hapo. Waliosalia hawakutosha kuendesha meli zote, hivyo moja, São Rafael, ikachomwa moto. Twashangaa tukumbukapo kwamba Aprili 1498, Mombasa, walipokea machungwa na malimau, wagonjwa wao wakapona, nao wakaisifu hali ya hewa!

Ugonjwa huo ni kiseyeye. Mwaka 1747 daktari James Lind aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wote. Alichapisha kitabu mwaka 1753, lakini jeshi la majini la Uingereza lilianza kugawa maji ya malimau kwa wote mwaka 1795 tu. Ni miaka 42 ya mazishi baharini.

Kwa nini tunda liponye? Jibu limo katika kolajeni, protini inayoshika ngozi, mifupa, kano na kuta za mishipa ya damu. Mwaka 1954, huko Madras nchini India, G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha walipendekeza kwamba imeundwa kwa nyuzi tatu. Mwaka 1955 wakaonyesha jinsi zinavyosokotana kama kamba, na Alexander Rich na Francis Crick wakarekebisha vipimo. (Linus Pauling naye alipendekeza nyuzi tatu mwaka 1953, ila kwa DNA, ambayo inazo mbili. Bingwa naye huteleza.)

Katika kila uzi, kiungo cha tatu daima ni glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, kwa kuwa katikati ya msokoto hamna nafasi ya nyingine. Mahali pamoja pa glisini pakishikwa na kubwa zaidi, mtoto aweza kuzaliwa na mifupa ivunjikayo kwa jambo dogo.

Kiungo kingine, prolini, hakina budi kuongezewa chembe ya oksijeni ndipo kamba ikazike, na kazi hiyo yahitaji vitamini C, ambayo mwili wetu hauwezi kujitengenezea. Isipofanyika, msokoto hufumuka kwenye joto la sentigredi 24 hivi, nasi mwilini tuna 37.

Nalo kovu si kitu kilichokwisha. Mwili hulibomoa na kulijenga upya siku zote. Katika safari ya George Anson kuizunguka dunia, iliyoanza mwaka 1740, alikuwamo mzee aliyejeruhiwa katika vita vya Boyne, Ireland, mwaka 1690. Kiseyeye kilipomshika, majeraha yale ya miaka 50 yakafunguka tena, yakawa mabichi kana kwamba hayajapona kamwe.